Mtoto Akisema Maji Yanauma, Msikilizeni



Ndugu zetu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu mnaosoma ukurasa huu, leo hatukuja na somo la fiqhi wala la sira. Tumekuja na habari ya bafu. Huenda wengine mkacheka, mkasema mwalimu wa madrasa na nyaya za umeme, wapi na wapi. Lakini yaliyotokea nyumbani kwetu yametufanya tuone kuwa kunyamaza si haki, kwa sababu nyumba nyingi za jamaa zetu zina bafu kama lile letu, na zina watoto kama wale wetu.

Sisi tunaishi Nyamirambo, hapa Kigali. Anayeujua mji huu anajua kuwa uko juu, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na maji ya alfajiri yana baridi ya kufisha vidole. Kwa miaka mingi tulikuwa tunachemsha maji jikoni kwa makaa. Tulipopata nafasi kidogo tukanunua shawa ya umeme, ile ya plastiki nyeupe inayofungwa juu kwenye bomba. Ukifungua maji tu, yanapata moto papo hapo. Shawa hizi zilitokea Brazili na siku hizi zimejaa katika maduka yetu. Tukamwita fundi wa mtaani, akaifunga kwa mchana mmoja, tukamlipa, tukamshukuru. Kuanzia hapo tukawa tunaoga maji ya moto kabla ya kwenda msikitini, na kila tukitoka bafuni tunasema Alhamdulillah.

BINTI YETU NA BOMBA LA UANI

Baada ya wiki chache mama watoto akatuambia kuwa binti yetu, wakati ule ana miaka tisa, hatawadhi vizuri alfajiri. Anakwenda kwenye bomba la uani, anasimama kidogo, anarudi na mikono mikavu. Tukamwita, tukamwuliza kulikoni.

Akasema, "Baba, maji yanauma."

"Yanauma vipi?"

"Kama siafu."

Tukaondoka naye saa ile ile mpaka uani. Tukafungua bomba, tukalishika, tukanawa mikono na uso. Hakuna kitu, ila baridi. Tukamwambia kuwa baridi siyo siafu, na kwamba thawabu ya kutawadha wakati wa baridi ni kubwa. Kesho yake ikawa vile vile. Siku ya tatu tulimkemea mbele ya ndugu zake. Tulimwambia uvivu wa sala ni jambo moja na uongo ni jambo jingine, na yeye ameyakusanya yote mawili. Hakujibu. Alilia kimya kimya, kisha akaenda jikoni kumimina maji ya jerikani. Kuanzia siku hiyo akawa anatawadha kwa maji ya jerikani, na sisi tukasema moyoni kuwa huo ni ukaidi.

Kitu kimoja hatukukifikiria. Saa ile binti yetu anapokwenda bombani, sisi ndio tulikuwa bafuni tunaoga. Na kila tulipokwenda kulijaribu bomba lake, tulikuwa tumeshamaliza kuoga na shawa imefungwa.

Na tusijitetee kuwa hatukuwa na dalili. Sisi wenyewe mara nyingine tulipogusa koki ya bafuni tulihisi kidole kinatetemeka. Tulipomwuliza fundi alituambia, "Vaeni kandambili, shawa hizi ndivyo zilivyo." Tukavaa kandambili. Mtoto kule uani alikuwa miguu mitupu, kwa sababu ndivyo anavyotawadha.

KIJANA ALIYETUFUNDISHA

Mwezi ukapita. Jioni moja akaja kutusalimia kijana aliyewahi kusoma katika madrasa yetu, sasa ni fundi umeme mwenye kibali. Tuko naye sebuleni baada ya Alasiri, taa ikafifia, kisha ikarudi. Akauliza, "Mwalimu, kuna mtu anaoga?" Tukamwambia ndiyo, kaka yao yuko bafuni. Akainuka bila kumaliza chai.

Alizunguka ukutani akifuata mabomba mpaka uani. Akatoa testa mfukoni, ile bisibisi yenye kitaa kidogo ndani ya mpini, akaigusisha kwenye bomba. Kitaa kikawaka. Akaita kijana wetu afunge maji. Kitaa kikazima. Afungue tena. Kikawaka tena.

Binti yetu alikuwa amesimama mlangoni. Akasema kwa sauti ndogo, "Baba, nilikuambia."

Hatukuwa na la kusema. Yule kijana akaenda kuzima umeme wote kwenye swichi kuu, akafungua boksi la nyaya na ile shawa, akatuonyesha makosa matatu. Tunayaandika hapa kwa kadiri tulivyoelewa, kwa sababu si makosa ya nyumba yetu peke yake.

Kosa la kwanza lilikuwa waya mwembamba. Shawa yetu imeandikwa wati 5,500. Umeme wetu ni volti 230. Ukigawanya 5,500 kwa 230 unapata kiasi cha ampea 24. Fundi wa kwanza aliuchukua moto kutoka waya wa taa, ambao ni wa milimita mraba 1.5, na waya wa namna hiyo kwa kawaida hulindwa na braka ya ampea 10. Bila shaka braka ilikuwa inaanguka kila shawa ikiwashwa. Badala ya kuvuta waya mnene, alitoa ile braka na kuweka ya ampea 32. Sasa braka haianguki, lakini waya ndio unaoungua polepole ndani ya ukuta. Tulionyeshwa ngozi ya waya ilivyogeuka rangi ya kahawia na kulainika. Ile taa iliyokuwa inafifia ilikuwa inatuita, sisi tukadhani umeme wa mtaa ni mdogo.

Kosa la pili lilikuwa waya wa ardhi, ambao mafundi wanauita ethi. Huu ndio wenye rangi ya kijani na manjano. Kazi yake ni kuuchukua umeme uliovuja na kuupeleka ardhini kabla haujampata mtu. Nyumba yetu haikuwa na fimbo ya shaba ardhini hata moja. Yule fundi alipouona waya wa kijani umebaki mkononi, akaufunga kwenye bomba la maji la chuma, akafunika kwa plasta. Lakini bomba linalotoka mtaani kuja kwetu ni la plastiki. Kwa hiyo umeme uliovuja ukakosa njia ya kwenda ardhini, ukabaki katika kila bomba la chuma la nyumba yetu, unangoja mtu aliyekanyaga udongo wenye maji. Mtu huyo alikuwa binti yetu.

Kosa la tatu ni kitu ambacho hakikuwepo kabisa, nacho ndicho tunataka mkielewe vizuri kuliko yote.

KWA NINI BRAKA HAITOSHI

Wengi wetu tunadhani braka iko pale kutulinda sisi. Si hivyo. Braka inalinda waya. Hesabu yake ni hii. Mtu huanza kuhisi umeme ukipita mwilini kiasi cha miliampea 1, yaani sehemu moja ya elfu ya ampea. Ukifika kiasi cha miliampea 10 misuli inaweza kukaza, mkono ukashindwa kuachia alichoshika. Ukipita miliampea 30 kifuani na ukaendelea, pumzi inaweza kukwama na moyo ukapoteza mapigo yake. Sasa tazama, braka ya ampea 16 ni miliampea 16,000. Mtu atakufa na braka imekaa kimya, kwa sababu kwa hesabu yake hakuna kilichotokea.

Na bafuni hatari inazidi. Ngozi kavu inauzuia umeme kwa kiasi kikubwa, lakini mwili uliolowa unaweza kushuka mpaka kiasi cha omu 1,000. Volti 230 kwa omu 1,000 ni miliampea 230. Kwa hiyo waya ambao sebuleni ungekushtua ukarukia pembeni, bafuni unaweza kukuua.

Tulimwuliza yule kijana, je, tukiweka fimbo ya shaba ardhini haitoshi? Akasema, "Ni lazima iwepo, Mwalimu, lakini peke yake haitoshi." Fimbo moja katika udongo mkavu inaweza kuwa na ukinzani wa omu 100. Volti 230 kwa omu 100 ni ampea 2.3 tu. Braka ya 16 haitikisiki kwa ampea 2.3, na chuma kitaendelea kuwa na moto mchana kutwa.

Kinachotakiwa pamoja na ethi ni kifaa kinachoitwa RCD, na kwa waliozoea majina ya Kifaransa wanakiita diferansieli. Kinakaa kwenye boksi la umeme karibu na braka. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaokwenda kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro. Vikiwa sawa, kinatulia. Vikipishana kwa miliampea 30, maana yake kuna umeme umetoroka njia nyingine, labda kupitia mwili wa mtu, basi kinakata. Kanuni ni kuwa kisizidi sehemu 3 za kumi za sekunde, na uvujaji ukiwa mkubwa mara tano, kisizidi sekunde 0.04.

Elimu hii si ya jana. Profesa Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyetumia miaka mingi kuchunguza umeme unavyoudhuru mwili, alitengeneza kifaa cha namna hii mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kule Marekani kanuni za umeme zililazimisha ulinzi huo kwa soketi za bafuni tangu mwaka 1975, na tangu mwaka 1996 zikataka soketi za bafuni ziwe na waya wake wenyewe wa ampea 20. Na kiwango cha kimataifa cha IEC namba 60364, sehemu ya 701 inayohusu bafu, kinataka umeme wa bafuni ulindwe na RCD ya miliampea 30. Wenzetu wameujua ulinzi huu zaidi ya miaka hamsini, na sisi tulikuwa tunajikinga kwa kandambili.

TULIVYOTENGENEZA

Siku ya pili umeme wa shawa ulikatwa kabisa, tukarudi kwenye makaa na ndoo. Katika wiki ile kazi ikafanyika hivi.

1. Ulivutwa waya mpya wa milimita mraba 4 kutoka boksi kuu mpaka bafuni, kwa ajili ya shawa peke yake, na braka yake ya ampea 25. Waya wa taa ukabadilishwa ulipoharibika, na braka yake ikarudi kuwa ya 10.

2. Fimbo ya shaba ilizikwa nyuma ya nyumba mahali penye unyevu, ikapimwa kwa kipimo, na waya wake ukafika boksi kuu. Mabomba ya chuma yakaungwa na ethi hiyo ya kweli, ili kusiwe na chuma kimoja chenye moto na kingine kisicho nao.

3. RCD ya miliampea 30 ikafungwa. Ile shawa ya zamani iliiangusha RCD kila tulipofungua maji, kwa sababu springi yake imekaa wazi ndani ya maji. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea, wanaiondoa RCD ili shawa ifanye kazi. Kijana wetu aliiondoa shawa, akaibakisha RCD. Tukanunua shawa ambayo springi yake imefunikwa.

4. Swichi ya shawa iliyokuwa karibu na koki ikahamishiwa nje ya mlango. Kwa bafu zetu hizi ambazo maji yanamwagika sakafuni bila beseni, kile kiwango cha kimataifa kinahesabu mita 1.2 kuzunguka bomba, na mita 2.25 kwenda juu, kuwa ni eneo la maji, na swichi na soketi za nyumbani hazitakiwi humo. Bafu letu lote halifiki mita mbili, kwa hiyo mahali pake ni nje.

Gharama ya yote, waya, fimbo, RCD na ufundi, haikufika bei ya mbuzi wa Idi. Tunasema hivi kwa sababu udhuru wa kwanza tutakaoutoa sote ni pesa.

MAMBO YA KUTAZAMA LEO

Ndugu mzazi, hatukuambii ufungue nyaya. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye kibali, na muulize kibali kabla hajafungua begi lake. Lakini haya unaweza kuyatazama bila kugusa waya.

Fungua mlango wa boksi la umeme. Je, kuna kifaa chenye kidude kidogo kilichoandikwa T? Hicho ndicho cha kujaribia RCD. Kibonyeze, umeme ukatike mara moja. Fanya hivyo kila mwezi. Usipokatika, au usipokiona kabisa, mwite fundi.

Je, taa zinafifia mtu akioga? Je, swichi ya shawa ina joto au harufu ya plastiki kuungua? Je, kuna soketi bafuni ya kunyolea au ya kuchajia simu? Simu inayochajiwa haina kazi bafuni. Je, kuna mtu yeyote nyumbani, mkubwa au mdogo, aliyewahi kusema bomba linatetemesha? Ukipata jibu la ndiyo, zima shawa kwenye boksi leo hii, oga kwa ndoo, umngoje fundi.

Wafundishe watoto pia. Wakimwona mtu ameshikwa na umeme wasimguse. Wakimbilie swichi kuu waizime kwanza, ndipo waite watu. Na wajue kuwa RCD haikumpa mtu ruhusa ya kuchezea waya, kwa maana aliyeshika moto kwa mkono huu na nyutro kwa mkono ule hatakingwa nayo.

Tena tusisahau misikiti na madrasa zetu. Mahali pa kutawadhia watu wanakaa safu nzima, miguu ndani ya maji, mikono kwenye mabomba ya chuma, na pengine kuna pampu ya umeme au hita upande wa pili wa ukuta. Sisi tulianza na madrasa yetu. Tukakuta pampu haina ethi. Sasa inayo, Alhamdulillah.

TULIYOJIFUNZA SISI

Yule kijana alipomaliza kazi tulimwuliza atudai kiasi gani cha ufundi. Alitaja kidogo sana, kisha akasema kwa adabu, "Mwalimu, wewe ndiye uliyetusomesha habari ya panya na utambi."

Ni kweli. Kila mwaka tunawasomesha watoto kwamba Mtume (s.a.w.) aliamrisha taa zizimwe watu wanapolala, kwa kuhofia panya asiburute utambi akaiunguza nyumba na watu wake. Tunawaeleza kuwa kutawakali ni baada ya kumfunga ngamia. Tumeyasema hayo miaka zaidi ya ishirini, na utambi wa nyumba yetu ulikuwa unaungua ndani ya ukuta, na tulimkemea mtu pekee aliyeuona.

Jioni ile, baada ya Magharibi, tuliwakusanya watoto wote, kwa sababu tulimkemea mbele ya wote. Tukamwambia binti yetu kuwa alisema kweli na sisi ndio tuliokosea, na tukamwomba atusamehe. Aliangalia chini. Kaka zake wakanyamaza. Kisha akauliza swali moja tu, "Sasa bomba halina siafu?" Tukamwambia twende tukaone. Tukamtuma kaka yake afungue shawa ya moto, na sisi tukavua viatu, tukakanyaga pale pale anaposimama yeye, tukalishika bomba kwa mikono miwili kabla yake. Ndipo naye akaweka mkono.

Bado asubuhi nyingine anaanza kwa kidole kimoja, halafu mkono mzima. Hatumharakishi.

Tunamwomba Allah atukinge sisi na nyinyi, azilinde nyumba zetu na watoto wetu, na atupe masikio ya kuwasikiliza wadogo wetu kabla hatujawahukumu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.